Bei moja, magari mawili: muuzaji anaponyamaza

Mwezi wa tatu wa mwaka 2020, wakati dunia nzima ilikuwa inazungumza juu ya korona, wanunuzi wa magari ya umeme katika nchi ya China waligundua jambo lililowakasirisha. Walikuwa wamenunua Tesla Model 3 zilizotengenezwa katika kiwanda kipya cha Shanghai. Karatasi zilizokuja pamoja na magari hayo zilisema kwamba kompyuta iliyomo ni toleo la 3.0. Walipochunguza ndani ya gari, wengine walikuta toleo la 2.5, lile la zamani.

Kompyuta hiyo si ya kupigia muziki. Ndiyo inayosoma picha za kamera na kumsaidia dereva kushika njia na kufunga breki. Mwaka 2019 kampuni yenyewe ilikuwa imejisifu kwamba toleo jipya linaweza kuchambua picha mara 21 zaidi kuliko lile la zamani. Lakini gari la kompyuta mpya na gari la kompyuta ya zamani yaliuzwa kwa bei moja. Mwanzoni mwa mwaka 2020 bei ya gari la kawaida la aina hiyo ilikuwa yuan 299,050, baada ya msaada wa serikali kuondolewa. Nani alipata lipi? Mnunuzi hakuambiwa.

Kelele zilipozidi, kampuni ilijibu. Ilisema kwamba ugonjwa ulivuruga usafirishaji wa vipuri, ndiyo maana sehemu ya magari ilifungwa kompyuta ya zamani. Iliongeza kwamba kwa mtu ambaye hakulipia ile programu ya ziada ya gari kujiendesha, hakuna tofauti kubwa katika uendeshaji wala usalama. Ikaahidi kuwabadilishia bure vipuri vitakapopatikana. Tarehe 10 ya mwezi huo, Wizara ya Viwanda ya China iliwaita wakubwa wa kampuni na kuwaamuru wasahihishe kosa.

Jambo hili halikuishia kwa kampuni moja, wala kwa kampuni ya Marekani peke yake. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2021, wanunuzi wa gari dogo la umeme la Ora, linalotengenezwa na kampuni ya Kichina Great Wall, walilalamika vilevile. Matangazo yalikuwa yamewaahidi kompyuta ya Qualcomm yenye viini vinane, lakini ndani ya gari kulikuwa na ya Intel yenye viini vinne. Kampuni ililazimika kuomba radhi. Kisha mwezi wa pili wa 2022, televisheni ya Marekani CNBC ilitoa habari kwamba katika magari makumi ya maelfu ya Tesla yaliyotoka Shanghai, kifaa kimoja kati ya viwili vinavyoongoza usukani kiliondolewa kwa sababu ya uhaba wa vipuri. Kwa mujibu wa habari hiyo, wafanyakazi walijadiliana kama wawaambie wanunuzi, na uamuzi ukawa kutowaambia, kwa kuwa kifaa hicho kilihesabiwa kuwa cha akiba tu. Sehemu ya magari hayo iliuzwa China, sehemu nyingine ilipelekwa nchi za nje, pamoja na Uingereza, Ujerumani na Australia.

Msomaji wa Uvira, wa Beni au wa Bunia anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini? Wengi wetu tunapanda pikipiki, na gari tunaloona ni Toyota iliyokwisha kutumika Japani. Tuna majibu mawili.

La kwanza ni kwamba magari hayo yanatoka pia katika udongo wetu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, katika Lualaba na Katanga ya Juu, na aina nyingi za betri za magari ya umeme zinaihitaji. Hatuko nje ya biashara hii. Sisi tuko mwanzo wa mnyororo, mnunuzi wa Shanghai yuko mwisho wake.

La pili ni kwamba dhambi yenyewe tunaijua vizuri, hata kama hatujui kompyuta. Sokoni kwetu inaitwa kopo lililobonyezwa kitako. Kwa nje ni kopo lilelile, bei ni ileile, lakini unga unaoingia ndani umepungua. Torati ilikwisha kulizungumza jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, Mungu anakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja zito na moja jepesi. Tuangalie vizuri: Torati haikungoja mpaka mnunuzi aumie. Kuwa na mawe mawili mfukoni, ambayo ni mwenye mfuko tu anayeyajua, tayari ni chukizo.

Hata hivyo, haki inatudai tusikilize upande wa mtengenezaji. Vipuri vinaweza kukosekana kweli. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa, viwanda vilisimama, na kampuni iliyokuwa na wafanyakazi wa kulipa ilitaka kuendelea. Kubadilisha kipuri si dhambi. Fundi seremala anayekosa mbao za libuyu anaweza kutumia mbao nyingine. Na inawezekana kabisa kwamba mwenye gari hangeona tofauti barabarani.

Lakini hapa tukumbuke habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume sura ya 5. Mara nyingi tunaihubiri kama habari ya sadaka. Tukiisoma polepole, tunaona kwamba Petro hakumlaumu Anania kwa sababu alibakiza sehemu ya fedha. Alimkumbusha kwamba shamba lilikuwa mali yake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Angeweza kuleta nusu na kusema ni nusu. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiacha ionekane kuwa yote.

Ndivyo tunavyoona jambo la magari haya. Kiwanda kilikuwa na uhuru wa kufunga kompyuta ya zamani. Hakikuwa na uhuru wa kuiacha karatasi iseme ni mpya. Anayesema kwamba tofauti haina maana, na aiseme basi kabla ya kupokea fedha, amwachie mnunuzi apime mwenyewe. Kama kweli haina maana, kwa nini ifichwe? Yule anayeamua peke yake kwamba mwenzake hahitaji kujua amekwisha kuchukua kitu ambacho si chake, nacho ni haki ya mwenzake ya kuchagua.

Na kusema wazi kunawezekana. Kampuni hiyohiyo ya Tesla ilionyesha hivyo. Mwezi wa nane wa mwaka 2021, huko Marekani, iliwaandikia watu waliokuwa wanangoja Model 3 ya kawaida, ikawaambia kwamba wanaweza kupata gari mapema zaidi kama watakubali betri ya aina nyingine, ile ya chuma na fosfati. Waliambiwa pia kwamba safari ya gari hilo kwa chaji moja ni fupi kidogo, karibu kilomita 407 mahali pa 423. Anayetaka akubali, asiyetaka angoje. Kumbe njia ilikuwepo. Barua moja tu ilitosha kutenganisha badiliko la halali na udanganyifu.

Tuone pia jinsi ukweli ulivyojulikana China. Kulikuwa na karatasi iliyoandikwa, na watu waliisoma. Kisha walilinganisha gari la huyu na gari la yule. Mtu mmoja peke yake angefikiri kwamba ni bahati mbaya yake, lakini walipoweka maneno yao pamoja waliona kwamba ni jambo moja. Mwishoni, kulikuwa na mamlaka iliyoweza kumwita mkubwa wa kampuni naye akaja. Karatasi, umoja na mamlaka: ikikosekana moja, ukweli unachelewa.

Sasa tulinganishe na upande wetu wa mnyororo. Kandokando ya Kolwezi, wachimbaji wadogo wanaleta mifuko yao kwenye depo za wanunuzi. Huko mzani ni wa mnunuzi, na mashine inayosoma kiwango cha madini ndani ya jiwe ni ya mnunuzi vilevile. Kwa miaka mingi wachimbaji wamelalamika kwamba uzito unapunguzwa na kiwango kinasomwa chini kuliko kilivyo. Wao pia wanatendewa kwa mawe mawili mfukoni, lakini hawana karatasi ya kulinganisha, na mara nyingi hawana mtu wa kumwita mkubwa wa depo. Mwenye gari Shanghai aliahidiwa kompyuta mpya ndani ya siku chache. Mchimbaji wa Lualaba analalamikia kosa la ukoo uleule, na bado anangoja. Kanisa linalosoma Amosi haliwezi kumlilia wa kwanza na kumsahau wa pili.

Na tusinyooshe kidole kwa walio mbali tu. Makanisa yetu yananunua na kuuza. Tunaponunua mabati ya kuezekea hekalu, ni nani katika kamati anayepima unene wake, au tunasoma tu namba iliyopigwa muhuri juu? Mtambo wa jua wa kituo cha afya ulioandikwa wati 300, unatoa wati ngapi kweli? Ndugu zetu wafanyabiashara wanaokaa viti vya mbele siku ya Bwana, simu wanazouza zina kumbukumbu ile iliyoandikwa kwenye boksi? Na sisi tunaosimamia miradi, pale tulipobadilisha saruji au mbao kwa sababu fedha zilipungua, tuliwaambia waamini waliochanga, au tuliacha ripoti iseme kama mwanzo?

Tunashauri mambo matatu, madogo na yanayowezekana. Kila kamati ya ujenzi na ununuzi iwe na karatasi inayosema tuliagiza nini, na mtu wa pili apime kilichofika kabla ya kulipa. Kitu kikibadilika, kitangazwe mbele ya kanisa siku ya Bwana inayofuata, pamoja na sababu yake. Na mkristo mwenye duka aweke desturi ya kusema tofauti yeye mwenyewe kabla ya kuulizwa: hii ni orijino, hii siyo, na bei yake ni hii. Atapoteza mteja siku ya leo. Lakini mtaa mzima utajua ni mlango gani wa kutuma mtoto na fedha mkononi bila hofu.