Rudisheni soko la pamoja

Mimi ni mnunuzi wa mazao hapa Urambo: maharage, mahindi, karanga, na makopa ya muhogo bei ikiruhusu. Sijasomea mambo ya wakimbizi wala sijaalikwa kwenye semina yoyote inayojadili habari zao, na nasikia semina hizo ni nyingi. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini nanunua mazao ya watu walioingia nchi hii mikono mitupu, na nimepata nafasi ya kuona jinsi mgeni anavyogeuka kuwa mwenyeji. Kwa ninavyoona mimi, kinachofanya kazi hiyo kuliko hotuba zote ni kudaiana.

Nieleze. Mwezi wa kwanza mkulima ameishiwa. Mbolea inatakiwa, mtoto anatakiwa sare, na mahindi yako kiunoni. Ananiomba hela, nampa, tunaandikiana kwenye daftari kwamba mavuno yakija atanilipa kwa gunia kadhaa. Najua wakubwa hawaupendi mtindo huu, na wapo wanunuzi wanaoutumia kunyonya watu. Lakini fikiria nimefanya nini kabla ya kutoa hela ile. Nimemwuliza mwenyekiti wa kitongoji mtu huyu ni wa namna gani. Nimeliona shamba lake. Najua anasali wapi, mke wake anaitwa nani, na nani atanilipa yeye akifariki. Naye amenichunguza vilevile: mizani yangu ikoje, na mwaka wa njaa nilinunua kwa bei gani. Ukishafikia kumdai mtu, huwezi tena kusema humjui.

Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa mapori. Huku Tabora ilikuwa Ulyankulu, upande wa Mpanda ikawa Katumba, baadaye na Mishamo. Kila kaya ilipimiwa eneo, ikapewa zana na mbegu na chakula cha kuivusha mpaka ivune. Barabara za makazi zilipigwa zikanyooka na kupewa namba, na mpaka leo ukimwuliza mtu wa Ulyankulu kwao ni wapi anaweza kukutajia barabara. Wapenzi wa nyimbo za injili wanaikumbuka kwaya ya Barabara ya 13. Kanda zake zilipigwa nchi nzima, na sidhani kama kuna aliyesimamisha redio kuuliza waimbaji wana hati gani.

Makosa yalikuwepo. Ulyankulu walijazwa watu wengi kuliko ardhi na maji ya pale, ikabidi mwishoni mwa miaka ya sabini maelfu yao wahamishiwe Mishamo kuanza upya. Yaani watu walihesabiwa kabla ya visima. Pia mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali cha mkuu wa makazi, na hilo liliwanufaisha sana wafanyabiashara walionitangulia, maana mtu asiyeweza kupeleka gunia lake Tabora mjini ataipokea bei yoyote utakayomtajia akiwa uani kwake. Pamoja na hayo yote, kufikia mwaka 1985 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikuwa limeshakabidhi makazi yote matatu kwa serikali, kwa sababu watu wale walikuwa wanajilisha na ziada wanauza. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshapewa tuzo ya Nansen, ile ya wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983. Wengine walisifia ukarimu wetu. Mimi ninachokisifia zaidi ni zile ekari walizopimiwa.

Ukarimu huo huo tuliukwamisha wenyewe baadaye. Mwaka 2007 serikali ilifikia uamuzi ambao nchi nyingi tajiri zingeukimbia: waliokuja 1972 na watoto wao wachague, kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki. Maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Kisha likaja sharti kwamba wakishakuwa raia watahamishwa watawanywe mikoa mingine, na makazi yafungwe. Hati zao zikangoja. Walikuwa wameshaukana uraia wa Burundi, na wa huku hawajaushika mkononi. Mpaka Oktoba 2014, Rais Kikwete alipoanza kuwakabidhi hati na ikakubalika kwamba wanaweza kubaki pale walipo, miaka ilikuwa imeshapita hivi hivi.

Nilikuwepo miaka hiyo, na ningependa waliotunga sharti lile wangekuwepo. Nina mteja mmoja, mzee aliyevuka mpaka akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Hakuwahi kunisalimia kwa Kiswahili kwanza; huanza na Kinyamwezi, kwa makusudi, kunionyesha kwamba hapa ni kwao.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Habari za shamba?"

"Shamba lipo. Ila mwaka huu usiniachie hela."

Nikadhani amepata mnunuzi mwingine. Nikamwambia kama ni bei tuzungumze.

"Siyo bei, mama. Sijui nitavunia wapi. Ukiniachia hela leo, mwezi wa sita utanifuata mkoa gani?"

Kila wiki uvumi ulitaja mkoa mpya. Mara pwani, mara kusini. Aliniuliza kama kule muhogo unakubali, nami nikamjibu kwamba muhogo unakubali kila mahali, ingawa sikuwa na uhakika wowote. Bati la jiko lake lilikuwa limetoboka na alikuwa na uwezo wa kulibadilisha, lakini nani anaezeka nyumba ya kuhama? Miche ya miembe aliyoipata aliigawa. Shule ilikuwa haikarabatiwi, maana kwenye makaratasi makazi yale yalihesabika kama yanafungwa. Mtu aliyekuwa amekaa akatulia miaka thelathini na kitu tulimfanya mkimbizi upya kwa barua ya kumpa uraia. Sijui kama kuna nchi nyingine imewahi kuliweza hilo.

Hati zilipokuja, mzee alikopa. Alikopa kwangu, akakopa na kwa mwenye duka la pembejeo, akanunua bati. Nilifurahi kumdai.

Tatizo la kizazi chake limekwisha, la wajukuu limebaki, na hili halihitaji mkutano wa kimataifa. Kijana aliyezaliwa Ulyankulu, mwana wa raia, akienda kwenye ofisi moja niijuayo kufuatilia kitambulisho cha taifa anaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Anajibu ukweli. Anaambiwa njoo wiki ijayo, na wiki ijayo ina tabia ya kurudiarudia. Bila namba ya kitambulisho hasajili laini ya simu. Bila laini yake mwenyewe hapokei malipo. Siku hizi nani anazunguka porini na milioni mbili mfukoni? Nalipa kwa simu. Kwa hiyo kijana anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake, hela ya maharage inaingia, shemeji anasema hiyo ni fidia ya deni la zamani, na mimi naitwa kwa mtendaji kutoa ushahidi wa ugomvi wa ukoo nisiouhusu. Hati ya uraia ya baba imetolewa na Jamhuri. Ikifika kwenye dawati la wilaya iaminiwe kama inavyoaminiwa noti.

Sasa nivuke kwenda Kigoma, ambako hasa ndiko ninakotaka kupeleka maneno haya.

Mdogo wangu ameolewa Makere, Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Warundi wengi wakaongezeka baada ya vurugu za 2015. Watoto waliozaliwa humo mwanzoni sasa ni wazazi. Mdogo wangu alikuwa na meza kwenye soko la pamoja, ambako wanakijiji na wakimbizi walikutana kwa ruhusa. Alipeleka ndizi, mchicha na mawese. Alirudi na mafuta ya mgao, vitenge vya Kikongo, na mara moja na kitanda cha mbao cha fundi wa kambini ambacho mpaka leo ndicho imara kuliko vyote nyumbani kwake. Mwanamke wa Kikongo aliyekaa meza ya pili alimfundisha kupika sombe kwa mawese mengi zaidi kuliko tunavyothubutu sisi, naye mdogo wangu akawa anamlinda asipunjwe kwenye bei ya dagaa.

Na alikuwa na daftari. Mgao ukichelewa, wateja wake walichukua ndizi kwa mali kauli, wakalipa mgao ukitoka. Yeye naye alidaiwa na mshonaji wa kambini aliyemshonea sare za watoto. Mwaka 2019 masoko ya namna hiyo yalifungwa. Daftari likabaki lilivyo. Alikuwa hawezi kuingia kudai, na mshonaji alikuwa hawezi kutoka kudai. Mdogo wangu ni Mtanzania, mke wa mtu, mlipa ushuru wa halmashauri, na amri iliyomlenga mgeni ilimwondolea yeye mtaji. Katika mahesabu ya faida na hasara za wakimbizi hapa nchini, hasara ya meza kama yake sijaiona imeandikwa popote.

Serikali ina hoja zake, na si za kupuuzwa. Serikali ilipojitoa mwaka 2018 kwenye mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi ilitaja usalama na ukosefu wa fedha. Kigoma imepata kuonja ujambazi wa silaha, na aliyevamiwa basi lake usiku hasahau. Kuhusu fedha pia ni kweli: wafadhili hutuimbia sifa, kisha mgao unapunguzwa na lawama zinatubakia sisi. Misitu nayo imeliwa. Sitamwambia mtu wa Kasulu kwamba kuni zake hazijapungua.

Ila niulize jambo moja la kibiashara. Mtu uliyemzuia kulima, ukamzuia kuuza, ukamkatia na posho, unategemea usiku afanye nini? Ukimfungulia soko, unamwona mchana, unamjua kwa jina, na ana kitu cha kupoteza. Jambazi haogopi geti. Anaogopa mahali ambapo mama muuza ndizi anaweza kusema "huyo namjua, ananidai". Kuni ni vilevile: anayepita porini kwa kujificha hukata kila kinachokatika, na anayenunua mkaa sokoni unaweza kumtoza ushuru.

Tunapenda mno kujisifu kwa ule usemi wa mgeni siku ya tatu kupewa jembe. Nyarugusu imepita miaka karibu thelathini. Mgeni amelala, ameamka, ameliomba jembe mwenyewe kwa midomo yake, na tumemwambia sheria hairuhusu.

Majirani zetu hawangoji tuamue. Uganda inawagawia wakimbizi viwanja vya kulima, na makazi kama Nakivale yana umri mkubwa kuliko wengi wetu. Kenya ilijenga Kalobeyei kando ya Kakuma kwa lengo la Waturkana na wageni kutumia shule, zahanati na soko kwa pamoja, na mwaka 2021 ikatunga sheria mpya ya wakimbizi. Sisemi kote huko mambo ni mazuri. Kalobeyei maji ni shida na viwanja vya Uganda vinazidi kuwa vidogo. Lakini sisi tuliofanya hivi mapema, kwa ukubwa ule, pale Ulyankulu na Katumba, ndio tumekuwa wa kuogopa mabanda ya soko.

Nikubali pia kwamba wapo wanaotaka kurudi kwao, na anayetaka kweli asaidiwe arudi. Hata huyo atarudi vizuri zaidi akiwa na mtaji na ufundi mkononi kuliko akiwa na kadi ya mgao. Aliyekaa miaka bila kununua wala kuuza hana anachoanzia, awe amebaki au amerudi.

Kwa hiyo naomba kidogo tu, na naomba kwa mkuu wa mkoa kabla ya waziri. Soko la pamoja la Nyarugusu lirudishwe kwa majaribio, siku mbili kwa wiki, nje ya geti, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kila mwenye meza aandikishwe, wa kijijini na wa kambini, na mizani ikaguliwe, maana wapunjaji wapo pande zote. Lianze na mavuno ya maharage, liishie mavuno yanayofuata. Polisi waandike kila kosa litakalotokea pale, halmashauri iandike kila shilingi ya ushuru, na vitabu vyote viwili visomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji cha Makere kabla mtu hajasema lifungwe au liendelee. Fuso langu lina nafasi, na barabara ya kwenda Kasulu naijua.