Afya ya Jamii: Chembe Inapokataa Kufa

Katika mwili wa binadamu mabilioni ya chembe hai hufa kila siku ili nyingine zichukue zamu. Kifo hicho si ajali. Chembe iliyochakaa au kuharibika hupokea amri ya kujimaliza: hunywea na kukatika vipande vipande, kisha chembe walaji, ambazo hutembea mwilini kama askari wa doria, huvifuata vipande hivyo na kuvimeza. Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie waliita jambo hilo apoptosisi, neno la Kiyunani lenye maana ya kupukutika, kama majani yapukutikavyo mtini.

Madhara ya chembe kukataa amri hiyo yalionekana wazi mjini Kampala. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyepata kuhudumu katika jeshi la Uingereza nchini Kenya na Somalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mwaka uliofuata alichapisha habari za maradhi hayo, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walibaini kwamba maradhi hayo hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, ambako malaria pia imekithiri. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wa London walitangaza kuwa wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe zilizopelekwa kutoka Uganda. Leo inafahamika kwamba virusi hivyo, vikisaidiwa na malaria ya mara kwa mara, huiandalia saratani hiyo njia.

Chanzo chenyewe kilifichuliwa mwaka 1982. Katika chembe nyeupe za damu zilizougua, kipande cha kromosomu ya nane hukatika na kuungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ile ya 14. Kipande hicho hubeba jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuamuru chembe izaane. Mahali ilipohamia ni pale panapotengenezewa kingamwili, ambapo kazi haikomi usiku wala mchana. Basi jeni hiyo nayo hutoa amri bila kupumzika.

Kitendawili cha jeni hiyo kilipata mwanga mwaka 1992, wakati Gerard Evan na wenzake nchini Uingereza walipochunguza chembe zilizotokana na panya. Walizilazimisha ziwe na MYC isiyozimika, kisha wakazinyima maji ya damu yaliyokuwa yakizihifadhi. Chembe hizo hazikustawi, bali zilikufa kwa wingi. Jeni ile ile iliyozihimiza kuzaana ndiyo iliyozipeleka kaburini. Hapo pana hekima ya maumbile: chembe inayozaana bila idhini hubeba hukumu yake yenyewe.

Hukumu hiyo huonekana hata katika uvimbe wa Burkitt. Chini ya hadubini, uvimbe huo hufanana na anga la usiku lenye nyota. Nyota hizo ni chembe walaji zilizokuja kumeza maiti. Lakini baadhi ya chembe huponyoka, hasa pale jeni za kusimamia kifo, kama ile iitwayo p53, zinapokuwa zimeharibika. Kutokana na hizo uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na chembe zake huweza kusafiri hadi kwenye uboho na ubongo.

Hata hivyo, haraka hiyo ndiyo udhaifu wa adui. Dawa za saratani huzipiga zaidi chembe zinazozaana upesi na kuzirudisha kwenye amri ya kufa. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Mulago waliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa dawa, na mwaka 1967 kilifunguliwa hapo kituo ambacho kilikua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa hiyo wazazi, wawe kambini au vijijini, yawapasa kuwa macho. Mtoto aliyevimba taya au tumbo kwa ghafla, ambaye meno yake yanalegea au jicho lake linatokeza nje, asipelekwe kwa mng'oa meno wala kusubirishwa kwa miti shamba. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana wiki moja ya kungoja yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kupona na kutopona. Na uvimbe ukishatoweka, matibabu yasikatizwe hadi daktari aseme, kwani chembe chache zilizojificha hutosha kuanzisha vita upya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.