Soketi Moja, Vifaa Vingi

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo tunaloliona kila siku wala halitushtui: soketi moja kubebeshwa vifaa vya nyumba nzima.

Tuseme mama mmoja wa Nakwa, pale Babati, analea vifaranga stoo. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na vifaranga wa juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Soketi anayo moja tu, sebuleni. Basi ameweka ekstensheni yenye taa 2 za vifaranga, televisheni, redio na chaja ya simu. Asubuhi anaongeza pasi kwa ajili ya sare za watoto, na jagi la umeme kwa ajili ya chai.

Wengi wetu huhesabu plagi. Mama, hesabu wati! Zimeandikwa chini au nyuma ya kila kifaa. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, na soketi yetu ya plagi ya miguu 3 hubeba ampia 13. Zidisha, utapata wati 2,990. Hapo ndipo mwisho wake, hata kama ekstensheni ina matundu 6. Nayo ekstensheni yenye waya mwembamba hubeba pungufu ya hapo, kwa hiyo soma kilichoandikwa juu yake kabla ya kuinunua.

Sasa tupige hesabu. Taa 2 za wati 250 ni 500. Televisheni 100, redio 20, chaja 10. Jumla 630, mzigo mwepesi. Ongeza pasi ya wati 1,200 na jagi la wati 2,000, imekuwa 3,830! Waya hupata moto, plastiki hulainika, na nyumba yaweza kuungua watoto wakiwa ndani.

Kanuni ni rahisi: kifaa kinachopasha moto, kama pasi, jagi au jiko la umeme, kichomekwe ukutani peke yake. Chomoa ekstensheni, chemsha chai, kisha piga pasi, halafu uirudishe. Vifaranga hawatadhurika kwa dakika hizo chache. Wala usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, usiitumie ikiwa imezungushwa kama kamba, usiipitishe chini ya zulia. Ukiigusa na kuona ina joto, punguza vifaa mara moja.

Ndani ya plagi mna fyuzi. Hiyo huungua ili nyumba isiungue. Ikikatika, nunua nyingine inayofanana nayo. Usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara.

Hatari ya pili ni maji. Weka ekstensheni juu, mbali na vyombo vya kunyweshea vifaranga. Waya wa taa uuache uning'inie chini kidogo ya soketi kabla haujapanda kuingia kwenye plagi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke chini, lisiingie kwenye umeme. Hata wanaofuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo, wenye pampu na taa zake, hufanya hivyo hivyo.

Hatari ya tatu ni taa yenyewe. Usiitundike kwa waya wake wa umeme. Ifunge kwa mnyororo au waya mgumu, tena mara mbili, maana ikiangukia maranda makavu huwasha moto upesi.

Zungumza na baba watoto. Badala ya kununua ekstensheni ya tatu, mwiteni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA awafungie soketi stoo, akague waya wa kwenda ardhini, na awawekee kifaa kinachokata umeme mara unapovuja.

Mwisho, wafundishe watoto na msichana wa kazi mahali swichi kuu ilipo. Umeme ukimshika mtu, wasimguse; wazime swichi kuu kwanza. Moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Watoke nje, wapige 114, Zimamoto.

Leo jioni, kabla ya kulala, pita kwenye soketi yako na kalamu na karatasi. Andika wati, ujumlishe.