Makavazi Yetu Yampe Mzuru Tarakilishi na Intaneti

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini je, asiyeonyeshwa asili yake atalaumiwaje kwa kuiacha?

Chukua mfano wa Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Mwanafunzi aizuruye huona mizinga, kuta nene na vyombo vya kauri, na huambiwa kuwa Wamazrui waliishikilia hadi mwaka 1837. Ni nani atakayemsomea mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyewatetea Wamazrui hao kwa tungo zake? Mashairi hayo yaliokolewa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na miswada ya Taylor imehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London.

Kwa bahati njema, miswada kadhaa ya Kiswahili ya chuo hicho sasa inasomeka mtandaoni. Bahari si kikwazo tena. Kinachohitajika ni chumba chenye tarakilishi na intaneti, kilicho wazi kwa kila mzuru bila ada ya ziada. Chumba hicho kihesabiwe kuwa sehemu ya makavazi sawa na kabati la vioo.

Wapo watakaodai kuwa simu za mkononi zimeondoa haja hiyo. Dai hili linamsahau mwanafunzi. Wengi huzuru makavazi pamoja na shule zao, nao hawaruhusiwi kubeba simu. Isitoshe, mswada wa hati za Kiarabu hausomeki kwa urahisi kwenye kioo kidogo. Gharama za umeme na ukarabati zipo, sikatai. Hata hivyo, heri tarakilishi nne zinazofanya kazi kuliko ishirini zilizofunikwa vumbi.

Mashine pekee, lakini, hazitoshi. Mzuru akikuta maelezo ya Kiingereza kitupu, tutakuwa tumemkaribisha nyumbani kwake kwa lugha ya jirani. Hapa ndipo wajibu wetu unapoanza. Sisi tusomao Kiswahili vyuoni, tukiongozwa na wahadhiri wetu, tunaweza kuhawilisha miswada hiyo katika hati za Kirumi, kufafanua msamiati wa Kimvita na kurekodi beti zikighaniwa. Tusingoje kuombwa, tuwaendee wasimamizi wa makavazi tukiwa na kazi mkononi. Utungo uliohifadhiwa pasipo kusomwa una tofauti gani na uliozikwa?