Tunaonjeshwa Kisichomo Chunguni



Mpishi wa karamu humwonjesha mgeni mchuzi wa chungu kilekile atakachopakuliwa. Mgeni akionjeshwa kuku, kisha akaandaliwa mboga tupu, hatasema kwamba mpishi ni msanii, atasema amedanganywa. Lakini watengenezaji wa sinema wamejipatia ruhusa hiyo. Kile kipande kifupi cha kuitangaza filamu, ambacho wengine hukiita trela na ambacho kwa haki ni kionjo, mara nyingi hubeba matukio ambayo mtazamaji hatayaona kamwe katika filamu yenyewe. Katika filamu za kuchekesha jambo hilo huudhi zaidi, kwa maana mzaha uliokufanya ulipe waweza kuwa ndio uliokatwa.

Tutazame Yesterday, filamu ya kuchekesha ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Danny Boyle na kuandikwa na Richard Curtis. Yasimulia habari za mwanamuziki asiyejulikana anayezinduka baada ya ajali na kukuta kwamba karibu ulimwengu wote umewasahau The Beatles. Kionjo kilimwonyesha mwigizaji Ana de Armas katika kipindi cha televisheni, naye kijana yule akimwimbia. Katika filamu hayumo. Curtis mwenyewe alieleza sababu: watazamaji wa majaribio hawakupenda kumwona kijana akigeuza macho na kumwacha msichana wa tangu zamani.

Sababu hiyo naikubali kabisa. Mshonaji hukata kitambaa, na vazi huwa zuri zaidi. Ila ni nani aliyewalazimisha kuendelea kukitundika mlangoni kipande walichokikata?

Mwezi wa Januari 2022, watazamaji wawili wa Marekani, ambao kila mmoja alikuwa ameikodi filamu hiyo kwa dola 3.99, waliishtaki kampuni ya Universal. Ni rahisi kuwacheka: kesi nzima kwa fedha isiyofika dola nne! Lakini dola hizo zikikusanywa kwa watu wengi huwa mali, na kila mmoja wao huona aibu kudai chake. Mawakili wa kampuni walijitetea kwamba kionjo ni kazi ya sanaa inayolindwa na uhuru wa kusema, tena kwamba tangu zamani vionjo huonyesha yasiyomo. Hata kile cha Jurassic Park walikitaja. Utetezi gani huu? Aliyezoea kupunja kwenye mizani hawezi kuileta mazoea yake mbele ya hakimu kama ushahidi wa unyofu.

Mwezi wa Desemba mwaka uleule jaji Stephen Wilson aliukataa utetezi huo, akasema kwamba kionjo ni tangazo la biashara, na sheria dhidi ya matangazo ya uongo yaweza kukigusa. Ni kweli kwamba mwaka 2023 aliitupa kesi, akiona kwamba wale wawili hawakuwa na haki ya kuendelea kudai. Mmoja wao alikuwa ameikodi filamu mara ya pili, hali akijua alichokikosa mara ya kwanza. Alijiponza mwenyewe, maskini. Hata hivyo, kosa lake halikumrudisha mwigizaji ndani ya filamu.

Kampuni iliogopa kwamba kila mtazamaji asiyeridhika atakimbilia mahakamani. Hofu hiyo haina msingi. Hakuna anayedai kwamba kionjo kipime kiasi cha kicheko, au kisimulie hadithi yote kwa utaratibu wake. Jaji aliuwekea uamuzi wake mpaka ulio wazi: mwigizaji huyu, au tukio hili, limo au halimo? Swali hilo aweza kulijibu yeyote aliyeitazama filamu mpaka mwisho, na wenye filamu ndio wa kwanza kuitazama. Tena kionjo cha kwenye intaneti si bango la ukutani. Hubadilishwa bila ngazi wala gundi.