Mkato Ukihama Programu
Mhariri akimaliza mkato wa awali kwenye programu ya Premiere na kuupeleka kwenye DaVinci Resolve ukarekebishwe rangi, kinachosafiri si picha bali orodha: klipu gani, imeanzia wapi, imekatwa wapi. Ndiyo maana lawama nyingi wanazotupiwa watengeneza programu mkato ukifika umeharibika hazina msingi. Orodha ya aina ya EDL, urithi wa enzi za kanda, hubeba njia moja tu ya picha, pamoja na mikato na mipito ya kawaida. Zile za XML na AAF hubeba zaidi, lakini maandishi yaliyopambwa, kasi inayopanda na kushuka, na efekti za kununua pembeni hubaki nyuma au hufika vimepinda, kwa kuwa kila programu huvikokotoa kwa hesabu zake. Hata Final Cut Pro X ya Apple, ilipotoka mwaka 2011, haikuweza kufungua miradi ya Final Cut iliyoitangulia. Wapo wasemao toa video moja nzima, mrekebisha rangi aikate upya. Kwa tangazo la sekunde 30 sibishi. Kwa filamu, mwongozaji akitaka fremu kumi zaidi mwishoni mwa tukio, hazimo tena. Wengine hushauri kila kitu kifanyike Resolve mwanzo mwisho, jambo zuri kwa anayefanya kazi peke yake. Wanaogawana kazi waache efekti zisubiri, wasiguse majina ya faili, na kando ya XML waweke video ya kulinganishia yenye taimukodi juu ya picha, ili anayepokea aone fremu kwa fremu palipoharibika.