KIJANA NA KAZI: Staji kando ya ziwa



Mzazi wa Kasindi akimwona mtoto wake anarudi kutoka Butembo na barua ya staji mkononi, anafurahi. Kiisha anaisoma. Kijana ataenda kutumika miezi michache kando ya maji, ataandika habari za viboko waliokufa, atamsaidia muganga wa nyama kutafuta kilichowaua. Hapo furaha inapungua. «Tumelipa masomo miaka yote hii, na wewe unaenda kuchunga mizoga?» Na jirani ambaye mtoto wake yuko kwenye mashimo ya dhahabu hawezi kunyamaza: «Wangu analeta feza kila posho. Wako analetewa nini, harufu?»

Leo ninasema na ninyi wawili, mzazi na kijana. Nyote wawili mna haki ya kuuliza.

Mwezi wa 4 mwaka 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa pande za mto Ishasha, kusini ya Ziwa Edward. Nyati pia walikufa. Mizoga ilielea, maji yakaisukuma mpaka ziwani, wavuvi wa Nyakakoma wakaiona. Vipimo vikaonyesha ugonjwa wa kimeta. Wakubwa wa Hifadhi ya Virunga wakaomba watu wasiguse nyama hao, na wachemshe maji kabla ya kunywa. Ugonjwa huo si mgeni katika ziwa letu. Mwaka 2004 uliua viboko zaidi ya 200 ng'ambo ya Uganda, katika hifadhi ya Queen Elizabeth.

Sasa mzazi anasema: viboko 50, hasara gani? Wanavunja mitumbwi, wanakula mashamba. Ni kweli, na mama aliyepoteza bwana yake juu ya kiboko hatumwambii ampende. Lakini angalia hesabu. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Kabla ya ugonjwa wa 2025 walihesabiwa karibu 1,200 tu. Wengi waliuawa na watu wenye silaha juu ya nyama na meno. Na tena kiboko anakula majani usiku katika nchi kavu, mchana anarudi kunya majini. Mavi yale yanalisha vidudu vidogo, vidudu vinalisha samaki. Tilapia unayemnunua kwenye soko la Kasindi alikula kwenye sahani ya kiboko.

Lakini sababu kubwa ya staji hii si kiboko. Ni sufuria yako.

Kimeta kinakaa katika udongo kama mbegu. Mbegu hiyo inaweza kungoja miaka makumi bila kufa. Nyama anaila pamoja na majani na udongo, anakufa haraka, mara nyingine damu isiyoganda inatoka puani. Ukimwacha bila kumpasua, vijidudu vingi vinaoza pamoja naye ndani. Ukimpasua, vinapata hewa na kugeuka mbegu mpya, zinamwagika pale pale. Mtu anayechuna anaweza kuipata kwa mkwaruzo mdogo wa kidole: panatokea kidonda kisichouma sana, katikati ni cheusi kama makaa, ndiyo sababu kwa Kifaransa wanauita «charbon». Anayekula nyama yake anaweza kuugua tumboni, na huyo ana hatari zaidi. Dawa za antibiotiki zinaponya, kama mgonjwa hakuchelewa.

Kwa hiyo kijana wa staji anafundishwa kitu cha ajabu siku ya kwanza: kutogusa. Aliwaza atashika kisu, anapewa daftari. Anaandika mahali, saa, wangapi, wakubwa au wadogo, wameanza kuvimba au bado. Kama ni lazima kupima, mwenye ujuzi anavaa vyote vinavyotakiwa na kuchukua damu kidogo, kwa mfano kwenye mshipa wa sikio, bila kufungua tumbo. Kiisha kuna kazi ya kuzika. Kiboko dume anaweza kupita kilo 1,500. Mzike wewe na jembe! Mwaka 2025 walizika kwa kutumia soda kali, lakini njia mbaya na ukosefu wa vyombo vilichelewesha kazi.

Kuna sehemu ambayo kitabu cha shule hakifundishi sawasawa. Mzoga umefika ufukoni, na watu wamefika na visu kabla yako. Si watu wabaya. Ni watu ambao vita imewafukuza shambani, watoto wao hawajaonja nyama tangu sikukuu. Wewe una miaka 22, una buti mpya, unasema «acheni». Watakusikia kwa nini?

Sisi wa Beni na Butembo tunalijua jambo hili kuliko wengi. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Mwezi wa 6 mwaka 2019 ilivuka mpaka wetu na kufika upande wa Kasese. Tunakumbuka waliokuja na mavazi meupe na maji ya klori, wakasema msiguse maiti ya baba yenu, na mahali pengine wakarushiwa mawe. Maneno yao yalikuwa ya kweli. Lakini walikuja na buti mbele, salamu nyuma. Kijana, wewe ni mtoto wa hapa, unajua kumsalimu mzee wa wavuvi katika Kinande na kukaa chini kabla ya kusema shida yako. Nenda kwake siku ambayo hakuna mzoga. Siku ya mzoga atasimama pamoja nawe.

Wenzetu wa pwani ya Bahari ya Hindi wanafanya kazi hiyohiyo kwa nyama wa baharini, na habari zao zinatufaa. Huko Watamu, Kenya, shirika linaloitwa Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997, limepatana na wavuvi: kasa, ndiye kobe wa baharini, akinaswa katika wavu, mvuvi anapiga simu badala ya kumchinja. Wanakuja, wanampima, wanamtia alama, wanamrudisha majini. Aliye mgonjwa wanamtunza kwanza. Mvuvi anapewa asante kidogo ya feza juu ya muda wake na wavu wake. Ninaipenda akili hiyo. Hawakuanza na polisi.

Mahali ambapo habari haikufika, au haikusadikiwa, ona. Mwezi wa 3 mwaka 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa, na wengine zaidi ya 70 walilazwa. Sumu ya kasa haiondoki kwa moto. Kule ni sumu, kwetu ni kijidudu, lakini sufuria ni ileile.

Basi kabla ya kutia sahihi barua ya staji, swali la kwanza lisiwe la mshahara. Uliza nani mkubwa wako wa kila siku, na usiku utampigia nani. Uliza glavu na buti zinatoka wapi, maana wengine watakuambia uje na zako, na mwanafunzi maskini atakuja na kandambili. Uliza ukijikata utapelekwa hospitali gani na nani atalipa. Majibu haya yaandikwe. Na usalama: walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa katika kazi yao. Mkubwa wako akisema leo hatushuki ziwani, msishuke, hata kama ripoti yako ina kurasa tupu. Kama upande ule una bunduki, mimi ningemwambia kijana angoje mwaka mwingine, au aombe staji ya kupima nyama sokoni na machinjioni. Ni kazi ileile.

Mzazi, wewe mpe sabuni na daftari gumu lisiloharibika na maji. Na wachungaji wenzangu, mpeni mtoto huyu dakika tano siku ya Mungu wakati wa matangazo. Dakika tano pale mbele zinafika kwenye nyumba ambazo gari la wakubwa halifiki.

Nawe kijana, jitayarishe, kwa sababu ibada ikiisha mama mmoja atakuvuta pembeni na kuuliza juu ya ile nyama ya kukauka inayouzwa kwa kificho: moshi si umeua ugonjwa? Umjibu wazi kwamba moshi na jua haviui mbegu ya kimeta. Asiinunue. Na kama ameinunua jana na kuikata kwa mikono yake, amwonyeshe muganga mikono hiyo leo, asingoje kidonda kiwe cheusi.